MAMBO YA MOTAKAA: Kurudisha Breki ya Mkono katika Land Rover ya Zamani

Katika nchi ya milima, kama vile Murang'a, Meru, Taita au Elgeyo, si jambo geni kuona Land Rover ya zamani imesimama sokoni na jiwe kubwa limewekwa nyuma ya gurudumu. Mpita njia akichungulia ndani ataona sababu yake. Mahali palipopasa kuwa na mpini wa breki ya mkono pana tundu tupu sakafuni, nalo limezibwa kwa gunia au kwa kipande cha mpira. Mwenye gari akiulizwa, mara nyingi hujibu bila wasiwasi kwamba alilinunua likiwa hivyo, na ya kuwa gia ya kwanza hulizuia vya kutosha. Wengine hucheka na kusema kwamba utingo wao ndiye breki ya mkono.

Jibu hilo ni la kuchekesha mpaka siku gari litakapoondoka peke yake. Gari lililoachwa katika gia hushikwa na injini tu, yaani na hewa inayobanwa ndani ya silinda. Injini mpya huibana hewa hiyo kwa nguvu, lakini injini iliyofanya kazi miaka 50, ambayo ringi zake zimelika, huivujisha kidogo kidogo. Ndipo gari husogea kwa hatua: mdundo mmoja, kisha kimya, kisha mdundo wa pili, na kila mdundo hulisogeza mbele kidogo. Tena Land Rover ina wenzo mwingine wenye kirungu chekundu, ambao hubadilisha mwendo wa juu na mwendo wa chini. Katikati ya miendo hiyo miwili pana mahali ambapo magurudumu hayashikamani na injini hata kidogo. Mtoto akipanda ndani na kuuchezea wenzo huo, ile gia ya kwanza iliyotumainiwa haizuii kitu.

Liko jambo la pili ambalo ni zito kuliko hilo. Katika Land Rover nyingi za kale breki ya miguu hupeleka nguvu yake kwa maji ya breki yanayopita katika mfumo mmoja tu wa mabomba. Bomba moja likipasuka kwa kutu au kwa kupigwa na jiwe, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mara moja. Breki ya mkono haitumii maji hayo. Hufanya kazi kwa fito za chuma tu, na kwa hiyo ndiyo pekee inayobaki. Mtu anayeshuka mteremko kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu bila breki hiyo hana akiba yoyote.

Basi mwenye kutaka kuirudisha hana budi kuanza kwa kuijua, kwa maana breki hii si kama ile ya motakaa nyingine. Katika motakaa nyingi ndogo, breki ya mkono huvuta kamba za waya zinazokwenda mpaka magurudumu ya nyuma. Mtu aliyezoea hizo akilala chini ya Land Rover kutafuta kamba hizo hatazikuta, na wako waliokwisha kuambiwa na mafundi wasiojua kwamba gari lao halikuumbwa na breki ya mkono. Liliumbwa nayo. Breki yenyewe ni dramu moja peke yake, nayo imekaa katikati ya gari, nyuma ya giaboksi, mahali pale propela inapotoka kwenda kwenye difu ya nyuma. Breki hii haishiki gurudumu; hushika propela.

Mpango huu ni wa tangu mwanzo. Ndugu wawili, Maurice na Spencer Wilks wa kampuni ya Rover, walipoanza mwaka 1947 kufikiri juu ya gari la shamba, gari lao la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep ya Kimarekani, na Jeep za vita nazo zilikuwa na breki ya mkono nyuma ya giaboksi. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baadaye ikaja Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, na katika zote hizo breki ya mkono ilikaa mahali pale pale. Hata gari la mwisho la ukoo huo, lililotoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, lilikuwa nayo pale pale. Katika Kenya magari haya yalikuwa mengi serikalini, katika polisi na katika mashamba makubwa, na miaka ya 1970 yalianza kuunganishwa katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. Hii ndiyo sababu bado yapo mengi mashambani, na vipande vyake havijaadimika.

Dramu yenyewe ina upana wa inchi 9, yaani kama milimita 229, na mtu huweza kushangaa jinsi kitu kidogo hivyo kinavyozuia gari lenye shehena ya magunia ya viazi. Siri yake ni difu. Katika Land Rover nyingi za Series, propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo nguvu yoyote inayoishika propela huongezeka mara 4.7 inapofika kwenye ekseli. Breki moja ndogo hapo katikati ina nguvu ya breki karibu tano za namna yake zilizowekwa magurudumuni. Tena, kwa kuwa imekaa juu, haikai matopeni daima kama breki za magurudumu.

Sasa, kwa nini hung'olewa? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na wengi hulipita. Mtu hununua shuu mpya, huzifunga kwa siku nzima akiwa chali mavumbini, hufurahi kwa mwezi mmoja, kisha breki hulegea tena kama zamani. Breki ya mkono ya Land Rover haifi kwa kulika, kwa sababu gari likiwa limesimama hakuna kinachosuguana. Hufa kwa mafuta. Nyuma ya dramu kuna sili ya mafuta inayozunguka shafti itokayo katika giaboksi ndogo, na sili hiyo ikichakaa, mafuta mazito ya gia hutiririka ndani ya dramu na kulowesha shuu. Shuu iliyolowa mafuta haishiki kitu. Mwenye gari huvuta mpini mpaka mwisho na gari halijali. Huukaza tena, nalo halijali. Mwishowe fundi wa kijijini humshauri aondoe vyote, kwa kuwa vinapiga kelele bure. Fito hufanywa vyuma vya kazi nyingine, mpini hupotea, na shuu hutupwa. Gari huuzwa likiwa hivyo, na yule anayelinunua hudhani kwamba ni kasoro ya mpini.

Kwa hiyo mwenye gari asiende dukani kabla ya kulala chini ya gari na kutazama. Kama nyuma ya giaboksi ndogo ni pakavu na pana vumbi, ana bahati. Kama pana weusi unaong'aa na matone chini yake, basi sili ndiyo ya kununua kwanza, tena ni ya bei ndogo kuliko vitu vyote vitakavyotajwa hapa. Yampasa pia kuangalia mambo mengine mawili yanayosukuma mafuta nje hata sili ikiwa mpya. La kwanza ni mafuta kupita kiasi. Giaboksi ndogo ya Series hutaka painti 4½ tu, yaani lita 2.5, na ina parafujo ya ubavuni ya kupimia. Mafuta yakifika kwenye tundu lake, basi yametosha. La pili ni tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Tundu hilo likizibwa na tope, hewa iliyo ndani hupata joto, hupanuka, na kwa kuwa haina njia nyingine huyasukuma mafuta yapite katika sili. Waya mwembamba na dakika tano hutosha kulizibua.

Jambo jingine la kupima ni shafti yenyewe. Mtu aishike ile flanji ya nyuma kwa mikono miwili na kuitikisa juu na chini. Kuzunguka kidogo si neno, kwa kuwa meno ya gia yana nafasi. Lakini kama inacheza juu na chini, beringi zimekwisha, na hakuna sili itakayodumu katika shafti inayocheza. Kazi hiyo ya beringi ni ya fundi mwenye vyombo, nayo hutangulia kazi ya breki.

Baada ya hayo ndipo hutafutwa vipande. Kwa gari lililong'olewa vyote, mwenyewe atahitaji dramu, sahani ya chuma inayobeba shuu, shuu mbili zenye bitana, springi mbili za kuzirudisha, kipanuzi chenye kabari yake, kirekebishio, kikingio cha mafuta kinachokaa juu ya sahani, fito, mkono wa chuma wa kugeuza upande wa mvuto, na mpini wenye meno na ulimi wake. Mjini Nairobi wengi huanza kutafuta katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Wengine hununua seti nzima kutoka kwa gari bovu, na mara nyingi hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu fito na mpini vilivyotoka katika gari moja hukubaliana kwa urefu. Lakini mnunuzi na ajue kwanza gari lake ni la Series gani, kwa kuwa mpangilio wa fito hubadilika kwa kadiri ya upande usukani ulipo, na bolti za magari ya kwanza si za kipimo kimoja na za yale ya baadaye. Mtu asiponunua hivyo apeleke kipande cha zamani kikalinganishwe kwa macho. Dramu ya kuukuu yafaa, mradi haina ufa wala mifereji ndani. Shuu za kuukuu zilizolowa mafuta hazifai, hata muuzaji akiziosha kwa petroli mbele ya mnunuzi. Mafuta yaliyokwisha kuingia ndani ya bitana hurudi juu baada ya siku chache. Avue bitana na kuvisha mpya, au anunue shuu mpya.

Neno moja la tahadhari lahitajiwa hapa. Bitana za breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa ndani ya mapafu huleta ugonjwa usioponyeka, ingawa huchukua miaka mingi kuonekana. Vumbi la dramu ya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kifungwe na kutupwa mbali na watoto.

Siku ya kazi gari liwekwe mahali tambarare. Hapa ndipo watu huumia, kwa maana gari lisilo na breki ya mkono litafunguliwa propela yake, na propela ikifunguliwa hata ile gia ya kwanza haizuii tena magurudumu ya nyuma. Kabari za mbao ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu mawili angalau, tena ziwe kabari hasa, si mawe ya mviringo. Land Rover iko juu vya kutosha mtu kuingia chini bila jeki, na afadhali ibaki juu ya magurudumu yake manne.

Kwanza propela na flanji yake hutiwa alama kwa patasi au rangi, ili zirudishwe zilivyokuwa. Zikigeuzwa, gari huweza kutetemeka barabarani. Nati nne hufunguliwa na propela hushushwa na kufungwa kando kwa kamba. Kama dramu ipo, imeshikwa na parafujo ndogo juu ya flanji. Parafujo hizi hukwama sana kwa kutu; tone la mafuta ya taa usiku uliotangulia na pigo moja la nyundo juu ya bisibisi huzilainisha kuliko nguvu za mikono. Katikati ya flanji kuna nati kubwa yenye mapengo kama taji, nayo imezuiwa na pini ya miguu miwili. Pini hunyooshwa na kutolewa, nati hufunguliwa, na flanji huvutwa nje. Sasa sili yaonekana.

Sili kuukuu hung'olewa kwa bisibisi pana bila kukwaruza nyumba yake. Kabla ya kutia mpya, mtu apitishe ukucha juu ya shingo ya flanji, pale mdomo wa sili unapokaa. Kama ukucha unanasa katika mfereji, flanji hiyo imekwisha kulika, na itakula sili mpya katika miezi michache. Heri kutafuta nyingine. Sili mpya huingizwa mdomo wake wenye springi ukielekea ndani, kwenye mafuta, nao hupakwa grisi kidogo. Hugongwa polepole kuizunguka pande zote, kwa kipande cha mbao, mpaka ikae sawa. Walio na haraka huigonga upande mmoja, ikapinda, na kazi yote ikawa bure.

Sahani ya breki hufungwa kwa bolti zake nyuma ya giaboksi, pamoja na kikingio cha mafuta, na mtu asikiache kikingio hicho kwa kudhani ni bati lisilo na maana. Kazi yake ni kuyapokea mafuta machache yatakayopenya baadaye na kuyamwaga nje badala ya ndani ya dramu. Kipanuzi na kirekebishio hufunguliwa, husafishwa na kupakwa grisi kidogo sana, mpaka vitembee kwa kidole. Shuu hufungwa pamoja na springi zake mbili kwanza, kisha huinuliwa zote na kuwekwa mahali pake kwa mara moja. Njia hiyo ni rahisi kuliko kuvuta springi kwa koleo juu ya uso. Mikono isiguse bitana ikiwa na grisi. Flanji hurudishwa, nati kubwa hukazwa kwa nguvu, na pini mpya hutiwa. Pini ya zamani isirudiwe. Bei yake ni ndogo, na nati hiyo ndiyo ishikayo flanji ya propela. Kisha hufuata dramu na parafujo zake, na mwisho propela kwa alama zake.

Fito hufungwa baada ya hayo, na utaratibu huu si wa bure. Wengi hufunga fito kwanza na kuzivuta ili mpini uonekane mgumu, ilhali shuu zenyewe ziko mbali na dramu. Kwanza hurekebishwa shuu. Kirekebishio hugeuzwa mpaka shuu ziibane dramu kabisa na dramu ikatae kuzunguka. Kisha hurudishwa nyuma midundo miwili, ambayo husikika na kuhisiwa mkononi. Wenzo wa mwendo wa chini ukiwa pale katikati, mtu auzungushe mkono wake juu ya propela na kuona kwamba gurudumu moja la nyuma likiinuliwa dramu yazunguka bila kukwaruza. Kama gurudumu litainuliwa kwa jeki kwa ajili ya kipimo hiki, kabari za magurudumu mengine zisiondolewe. Ndipo fito hufungwa na kupunguzwa au kurefushwa kwa nati zake, mpini ukiwa umeshushwa chini, mpaka fito zisilegee wala zisivute. Pini zote za maungio zitiwe zile za miguu miwili, wala si misumari iliyopindwa. Msumari hukaa mwaka, hukatika siku ya mteremko.

Mpini ukivutwa, ulimi wake uanguke katika meno kwa sauti kamili, na breki ishike kabla mpini haujafika mwisho. Meno yaliyolika ni hatari iliyojificha: mpini husimama vizuri mbele ya dereva, kisha mtu akifunga mlango kwa kishindo ulimi huruka. Meno hayo yaweza kunolewa kwa tupa na fundi mwenye mkono mzuri, lakini mpini wenye meno mazima ni bora.

Jaribio hufanywa kwenye mteremko mfupi usio na watu chini yake, dereva akiwa ndani na mtu mwingine kando akiwa na kabari tayari. Breki huvutwa, gia hutolewa, na mguu huondolewa polepole juu ya breki ya miguu. Hapo gari litaruka kidogo kabla ya kushika. Mtu asishtuke kwa hilo. Nafasi zote zilizo katika propela, katika difu na katika ekseli hukusanyika zikawa mwendo mdogo wa gurudumu, na Land Rover zote za zamani hufanya hivyo. Likiruka mara moja na kutulia, kazi ni nzuri. Likiendelea kutambaa, basi ama shuu zina mafuta, ama kirekebishio kilirudishwa mno, ama fito ni ndefu.

Yako mambo matatu ambayo breki hii haiwezi, na mwenye gari aliyeirudisha kwa jasho lake ni lazima ayajue, la sivyo itamdanganya. La kwanza ni la jeki, nalo limewaumiza hata mafundi wazoefu. Breki hushika propela, lakini difu huruhusu gurudumu moja kuzunguka mbele na la pili kuzunguka nyuma, propela ikiwa imesimama kabisa. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa juu, lile lililobaki chini huwa huru, na gari laweza kuteremka kutoka juu ya jeki huku mpini ukiwa umevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha tairi la nyuma magurudumu ya mbele na ya nyuma yaunganishwe kwa kutia mwendo wa magurudumu manne, na kabari ziwekwe juu ya hayo. Kama ncha za ekseli ya mbele zina vile vifungo vya kuachisha magurudumu, navyo havina budi kufungwa, la sivyo muungano huo ni wa bure.

La pili ni hafu-shafti, yaani vyuma viwili vinavyotoka katika difu kwenda kila gurudumu. Vya Land Rover za zamani hukatika upesi gari likilemewa matopeni. Kimoja kikikatika, si mwendo tu unaokwama. Breki ya mkono nayo hupotea saa ile ile, kwa kuwa hakuna tena kinachofunga dramu na magurudumu ya nyuma. Dereva aliyekwama hivyo juu ya kilima, akavuta mpini na kushuka kwenda kutafuta msaada, aweza kurudi asilikute gari. Aanze kwa kabari. Kama magurudumu ya mbele yameunganishwa, hayo bado hushikwa.

La tatu ni mwendo. Breki hii iliwekwa kwa gari lililosimama. Ile nguvu ya mara 4.7 ambayo ni baraka juu ya mteremko huwa laana gari likiwa mbioni: dramu huzunguka upesi kuliko magurudumu, na mpini ukivutwa kwa ghafula magurudumu ya nyuma hufunga, na meno ya difu na hafu-shafti hupokea pigo lote. Breki ya miguu ikifa kweli kweli, dereva na avute, maana chuma chaweza kununuliwa tena. Lakini avute na kuachia, avute na kuachia, huku akirudisha gia chini. Kijana anayeitumia kuonyesha umahiri wake wa kugeuza gari uwanjani asipewe ufunguo.

Gharama ya kazi hii yote, kwa mtu anayeifanya mwenyewe akiwa amepata seti ya kuukuu, si kubwa kupita ile ya tairi moja jipya, na yamchukua fundi wa kawaida siku moja, au mbili kama parafujo zimeshikwa na kutu. Ni ajabu basi kwamba watu hununua tairi bila kusita na kuliahirisha hili kwa miaka.

Gari likisha kurudi kazini, dramu itazamwe baada ya wiki mbili, na kila mara baada ya kuvuka mto wenye matope, kwa sababu mchanga huingia kwa chini na kukaa. Shuu mpya hujilaza mahali pake katika siku za kwanza, kwa hiyo kirekebishio kitataka kukazwa mara moja. Kisha kipande cha karatasi nyeupe kiwekwe chini ya sahani ya breki, gari likiwa limelala usiku. Asubuhi tone likionekana ni jepesi kama maji, ni umande au tope la jana. Likiwa zito lenye harufu ya mafuta ya gia, dramu ifunguliwe siku hiyo hiyo, kabla shuu hazijalowa.